Nzwani Baada ya Kushindwa: Nani Aongoze, na kwa Ridhaa ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema Anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake. Amma ba'd.

Ndugu Waislamu, alfajiri ya Jumanne tarehe 25 Machi 2008, wanajeshi wa Tanzania na Sudan, wakiwa pamoja na jeshi la Komoro na kwa msaada wa usafiri kutoka Libya, walishuka katika kisiwa cha Nzwani. Operesheni hiyo ilikuwa ya Umoja wa Afrika, ambao mwaka huo uliongozwa na Rais wa Tanzania, Jakaya Kikwete. Haukupita muda mrefu bandari ya Mutsamudu, uwanja wa ndege wa Ouani na mji wa Domoni vikawa mikononi mwao. Kiongozi wa kisiwa, Kanali Mohamed Bacar, alikimbilia Maore kwa boti. Watu wengi wa Nzwani walitoka barabarani wakishangilia.

Habari hiyo wengi wetu tunaikumbuka, kwani waliokwenda ni vijana wa nchi hii, na waliokwendewa ni jamaa zetu. Ni familia chache Unguja, Mombasa au Lamu ambazo hazina bibi, shemeji au mwalimu wa chuoni mwenye asili ya visiwa hivyo. Lakini habari ikaishia pale pale kwenye ushindi. Swali lililobaki ndilo gumu zaidi: kisiwa kilichoasi na kushindwa kiongozwe na nani? Aletwe mtu na mshindi? Au wachague wenyewe, ilhali baadhi yao walimuunga mkono aliyeondolewa?

Swali hili si la siasa tupu. Sharia ina maneno ndani yake, na Maulamaa wetu wa madhehebu ya Imam Shafi'i wameliandikia mlango mzima. Katika makala hii tutaeleza, inshaAllah, yaliyotokea Nzwani kabla na baada ya mwaka 2008, tuyatazame kwa mizani hiyo, kisha tuone kipi kilifanywa vyema na kipi kilivuja.

Visiwa vinne na mgogoro mmoja

Kwanza tuweke majina sawa. Sisi huku tumezoea kusema "Ngazija" tukikusudia visiwa vyote. Kwa hakika Ngazija ni kisiwa kimoja kikubwa, wenyewe ni Wangazija na mji wake ni Moroni. Cha pili ni Nzwani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan. Cha tatu ni Mwali, kilicho kidogo kuliko vyote, na cha nne ni Maore, kinachojulikana zaidi kwa jina la Mayotte. Uhuru ulipotangazwa tarehe 6 Julai 1975, Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na iko huko mpaka leo. Visiwa vitatu ndivyo vilivyounda dola.

Dola hiyo haikutulia. Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, alikuwa mtu wa Nzwani, na alipinduliwa kabla ya mwezi mmoja kwisha. Mapinduzi yakafuatana na mamluki wa kigeni wakaingia na kutoka. Miaka ikapita, watu wa Nzwani wakazidi kulalamika kwamba kila kitu kinaamuliwa Moroni, mishahara ya waalimu na wauguzi hailipwi, na kisiwa chao, chenye watu wengi na ardhi ndogo, kimesahauliwa. Na wakipanda mlimani usiku ukiwa mweupe, wanaiona Maore upande wa pili, penye hospitali na mishahara ya Kifaransa. Wengi walipanda vyombo vidogo kwenda huko, na wengi walizama. Allah Awarehemu.

Tarehe 3 Agosti 1997 Nzwani ikatangaza kujitenga. Jambo la ajabu ni kuwa waliojitenga hawakuomba kwanza kuwa dola. Waliomba kurudi chini ya Ufaransa, nayo Ufaransa ikakataa. Kiongozi wao alikuwa mzee Abdallah Ibrahim, aliyeitwa "Foundi", jina la heshima ambalo watu wa huko humpa mwalimu. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ya Rais Mohamed Taki Abdoulkarim ilipeleka askari kukirudisha kisiwa kwa nguvu, wakashindwa. Mwishoni mwa 1998 wenye silaha wa Nzwani wakageukiana wao kwa wao. Aprili 1999, wajumbe wa Nzwani walipokataa kutia saini makubaliano ya Antananarivo, watu wenye asili ya Nzwani walishambuliwa mitaani Moroni, na jeshi chini ya Kanali Azali Assoumani likachukua madaraka.

Waislamu kwa Waislamu, Mashafi'i kwa Mashafi'i, wanaosoma Maulidi yale yale, wakafikishana huko.

Sulhu ya Fomboni

Kilichozima moto ule hakikuwa risasi, ilikuwa ni sulhu. Mwezi wa Februari 2001, katika mji wa Fomboni kisiwani Mwali, pande zote zilitia saini makubaliano, na mwisho wa mwaka huo ikapigiwa kura katiba mpya. Kiini chake kilikuwa mambo mawili.

La kwanza, kila kisiwa kitakuwa na rais wake, baraza lake na bajeti yake, chini ya Muungano mmoja. La pili, urais wa Muungano utakwenda kwa zamu ya miaka minne minne. Kisiwa chenye zamu ndicho kinachopiga kura ya kwanza, na watatu watakaoongoza ndio wanaopelekwa mbele ya wapiga kura wa visiwa vyote. Kwa hivyo hakuna kisiwa kinachoweza kusema kimefungiwa mlango, na hakuna rais anayeweza kuingia bila ya kuomba kura za visiwa vingine.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Ngazija, akaichukua Azali mwaka 2002. Zamu ya pili ilikuwa ya Nzwani. Mwezi wa Mei 2006 akachaguliwa Ahmed Abdallah Sambi, mtu wa Mutsamudu aliyesomea dini nje ya nchi, kwa karibu asilimia 58 ya kura, na Azali akakabidhi madaraka kwa amani. Kwa nchi iliyozoea mapinduzi, hili lilikuwa jambo kubwa.

Tatizo likabaki Nzwani kwenyewe. Kanali Bacar, aliyeshika kisiwa tangu Agosti 2001 kwa nguvu na kisha kwa uchaguzi wa 2002, muda wake ulikwisha Aprili 2007, naye hakutaka kuondoka. Mwezi wa Mei askari wake walipambana na askari wa Muungano. Mwezi wa Juni akaendesha uchaguzi ambao Muungano na Umoja wa Afrika walikuwa wameuahirisha, akajitangaza mshindi. Mazungumzo yakafanyika, na vikwazo vikawekwa Oktoba 2007. Afrika Kusini ilitaka mazungumzo yaendelee. Hayakuzaa kitu, na ndipo ikaja ile alfajiri ya Machi.

Tunaona basi kuwa aliyeondolewa na aliyeamuru aondolewe wote walikuwa watu wa Nzwani. Khitilafu hii haikuwa ya kisiwa na kisiwa tu, bali ya mtawala aliyekataa ahadi na walioitaka itimizwe.

Maulamaa wanasemaje juu ya walioshindwa?

Katika vitabu vya fiqhi, Waislamu wanaotoka katika utii wa kiongozi wao wakiwa na nguvu, wakiwa na kiongozi wanayemtii, na wakiwa na taawili, yaani hoja wanayoiamini hata kama ni dhaifu, huitwa bughati. Hawa si majambazi wa njiani wala hawatoki katika Uislamu. Baadhi ya Maulamaa wa Kishafi'i wameeleza hata kuwa neno hili kwa wenye taawili si neno la kutukana.

Asili ya mlango huu ni aya ya 9 ya Suratul Hujurat. Tuitazame mpangilio wake, kwani ndani yake mna jibu la swali letu. Aya inaanza kwa kuamrisha kwamba makundi mawili ya Waumini yakipigana, yasuluhishwe. Kisha ikiwa kundi moja litadhulumu jingine, lipigwe vita mpaka lirejee kwenye amri ya Allah. Kisha, likisharejea, aya inarudi mara ya pili kuamrisha sulhu. Lakini safari hii inaongeza neno ambalo halikuwepo mwanzo: sulhu iwe kwa uadilifu, na inasisitiza kwamba Allah Anawapenda waadilifu.

Kwa nini uadilifu utajwe hapa na si pale mwanzo? Wafasiri wametaja sababu iliyo karibu na akili: baada ya vita kuna mshindi, na mshindi anashawishika. Ana silaha, ana hasira, ana maiti aliowazika. Kabla ya vita kila upande unamuogopa mwenzake kidogo. Baada ya vita upande mmoja hauogopwi tena, na hapo ndipo dhulma inapopata nafasi. Na aya inayofuata inawaita wote, walioshinda na walioshindwa, kuwa ni ndugu.

Kutokana na msingi huu Maulamaa wametoa hukumu kadhaa. Tutazitaja zinazohusu makala yetu:

1. Kabla ya kupigana, kiongozi hutuma mtu muaminifu na mwenye busara akawaulize wanacholalamikia. Wakitaja dhulma, iondolewe. Wakitaja shubha, wafafanuliwe.
2. Anayekimbia hafuatwi, majeruhi hamaliziwi, na mateka hauawi.
3. Mali zao si ngawira. Vita vikisha na hatari ikiondoka, hurudishiwa wenyewe.
4. Walichoharibiana katika mapigano yenyewe hakilipwi, ili watu wasifungue madeni ya damu yasiyokwisha. Ama kilichoharibiwa au kuchukuliwa nje ya mapigano, hicho ni haki ya mwenyewe na hudaiwa.
5. Hukumu za kadhi wao zinapita, akiwa anahukumu kwa sharia na hahalalishi damu za wengine. Zaka waliyoikusanya imehesabiwa, mtu hatozwi mara ya pili.

Hukumu hii ya tano ina uzito kwa familia zetu. Ndugu huuliza: ndoa zilizofungwa, talaka zilizotolewa na mirathi iliyogawiwa Nzwani wakati wa kujitenga, je ni sahihi? Kwa mujibu wa kanuni hii, zilizotimiza masharti ya sharia ni sahihi, wala hazibatiliki kwa sababu aliyetawala alikuwa muasi. Mwanamke aliyeolewa Domoni mwaka 1998 ni mke halali, na watoto wake wanarithi. Mwenye kesi maalumu na amwendee kadhi na vielelezo vyake.

Faida kubwa hapa ni kuwa sharia imekataa kuifuta jamii iliyoshindwa kana kwamba haikuwepo. Maisha yao, makadhi wao na mafungamano yao yanaendelea. Aliyeshindwa ni mwenye silaha, si mji mzima.

Basra, mwaka 36 Hijria

Maulamaa wamezichukua nyingi ya hukumu hizi kutokana na mwenendo wa Sayyidna Ali bin Abi Talib (Radhiya Allahu 'anhu). Ama yaliyopita baina ya Maswahaba, sisi tunazizuia ndimi zetu na tunawaombea radhi wote. Tunachukua hapa yale tu waliyoyajengea fiqhi.

Baada ya vita vya Jamal karibu na Basra, alinadisha kuwa anayekimbia asifuatwe na majeruhi asimaliziwe. Aliwasalia maiti wa pande zote mbili. Mali za watu zilirudishwa kwa wenyewe. Mama wa Waumini, Bibi Aisha (Radhiya Allahu 'anha), alirudishwa Madina kwa heshima kamili, akisindikizwa.

Kisha likaja suala la uongozi wa Basra, mji ulioshindwa. Alimuweka Abdullah bin Abbas, mtoto wa ami yake na mwanachuoni mkubwa, kuwa gavana. Na katika kodi na hazina akamuweka Ziyad, mtu aliyeishi Basra, aliyewajua watu wake na hesabu zao, na ambaye hakushiriki katika vita ile. Kwa hivyo juu palikuwa na mtu muaminifu kwa khalifa, na kando yake mtu wa mji ambaye hakuna familia iliyoweza kusema upanga wake umemuua mtoto wao.

Hatusemi kuwa mpangilio huu ni lazima kila mahali. Tunasema unaonesha kilichoangaliwa: mji utulie, watu wasijione wametekwa, na hazina isigeuke kitoweo cha washindi.

Nzwani: miezi mitatu ya mwanzo

Sasa turudi Nzwani. Hatua zilizochukuliwa baada ya 25 Machi 2008 zinastahiki kutazamwa moja moja.

Siku chache za mwanzo kisiwa kilikuwa chini ya Makamu wa Rais wa Muungano, Ikililou Dhoinine, mtu wa Mwali. Hapa pana hekima, kwani hakuwa wa Nzwani wala wa Ngazija, na hakuna aliyeweza kudai amekuja kulipiza kisasi cha nyumba yake. Lakini hakukaa. Tarehe 31 Machi akakabidhiwa uongozi wa mpito Lailizamane Abdou Cheikh, jaji wa mahkama ya rufaa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukifikisha kisiwa kwenye uchaguzi.

Kumchagua jaji kulikuwa na maana. Mwanajeshi angewakumbusha watu bunduki. Mwanasiasa angeshukiwa kujiandalia kiti. Jaji ni mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza pande mbili.

Uchaguzi ukafanyika mwezi wa Juni, kwa duru mbili. Katika duru ya pili, tarehe 29 Juni, Moussa Toybou, aliyekuwa karibu na Rais Sambi, alishindana na Mohamed Djaanfari, ambaye miaka miwili nyuma alishindana na Sambi mwenyewe. Toybou alipata zaidi kidogo ya asilimia 52, na Djaanfari karibu 48.

Tusimame kidogo kwenye hesabu hii. Bacar alipojitangaza mshindi mwaka 2007, alidai amepata karibu asilimia 90. Mwaka mmoja baadaye, aliyeungwa mkono na waliokishinda kisiwa kwa jeshi alipita kwa tofauti ndogo, na karibu nusu ya wapiga kura walimkataa bila ya kufanywa kitu. Tofauti ile ndogo ilikuwa dalili njema. Ilimaanisha kuwa watu wa kisiwa kilichoshindwa walipewa chaguo la kweli, na kwamba mtu aliweza kusema "simtaki mtu wa rais" akabaki kuwa raia mwema.

Mwezi wa Julai Toybou akaapishwa. Kutoka siku kisiwa kilipotekwa mpaka siku kilipopata kiongozi kilichomchagua, haikufika miezi minne. Wako watu waliokaa miaka chini ya majeshi ya kigeni wakingoja siku hiyo.

Na Bacar mwenyewe? Kutoka Maore alihamishiwa Réunion, Ufaransa ikakataa ombi lake la hifadhi, na Julai 2008 akapelekwa Benin. Hakuuawa. Hilo liliepusha kumfanya shujaa kwa wafuasi wake. Lakini pia hakusimamishwa mbele ya kadhi wala jaji kujibu malalamiko ya waliosema walifungwa na kupigwa chini ya utawala wake. Hapa tukumbuke hukumu ya nne tuliyoitaja. Kilichotendeka nje ya mapigano ni haki ya mwenyewe, na mtawala hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya mtu aliyepigwa. Kisiwa kilipata uongozi haraka, lakini waliodhulumiwa hawakupata wa kuwasikiliza kwa haraka hiyo hiyo.

Palipovuja

Kama makala ingeishia hapa, tungesema alhamdulillah na kufunga. Lakini mwenye kusuluhisha huangaliwa kwa miaka, si kwa miezi.

Tarehe 17 Mei 2009 ilipigwa kura ya kubadilisha katiba. Marais wa visiwa wakageuzwa magavana, madaraka yao yakapunguzwa, na muda wa Rais wa Muungano ukaongezwa mwaka mmoja. Hoja ya serikali haikuwa ya kudharauliwa: nchi ya watu wasiofika milioni moja, yenye marais wanne na mabaraza manne, ilikuwa inakula mapato yake katika mishahara ya wakubwa, huku waalimu wakingoja. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba madaraka ya kisiwa yalikuwa nusu ya bei ya sulhu ya Fomboni. Nzwani ilikuwa imechagua rais mwaka uliotangulia, na kabla kiti hakijapata moto kikageuzwa kuwa kiti kidogo.

Ikabaki nusu ya pili, nayo ni zamu. Watu wa Mwali, ambao zamu yao ilisogezwa, walilalamika sana, mpaka hatimaye uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa 2010 na Ikililou Dhoinine akashika urais tarehe 26 Mei 2011. Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija, na Azali akachaguliwa tena. Kwa hesabu ya kawaida, 2021 ilikuwa zamu ya Nzwani.

Tarehe 30 Julai 2018 ikapigwa kura nyingine ya katiba, ambayo wapinzani waliisusia. Ikamruhusu rais kuongoza mihula miwili mfululizo, na nafasi za makamu wa rais wa visiwa zikafutwa. Zamu ya Nzwani ikasogea mbele. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, vijana wenye silaha wakajifungia katika mji mkongwe wa Mutsamudu, katika vichochoro vile vile walivyopita wanajeshi miaka kumi nyuma. Watu kadhaa walikufa kabla jeshi halijaurudisha mji. Gavana aliyechaguliwa na kisiwa, Abdou Salami Abdou, akakamatwa akituhumiwa kuhusika. Sambi, ambaye alikuwa kizuizini tangu mwezi wa Mei wa mwaka huo, alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 kwa kosa la uhaini mkubwa, katika kesi iliyohusu uuzaji wa uraia.

Hatuwatetei waliochukua silaha. Kumtoka mtawala kwa silaha kwa sababu ya zamu ya urais kumeleta maafa, na Ahlus-Sunna wamelikataza kwa ukali, kwa sababu damu ikimwagika haina kipimo. Wala hatujiweki mahakimu katika kesi za mahkama. Tunachosema ni kuwa Waislamu waliosaliana Fomboni waliandikiana ahadi, na Allah Amewaamrisha Waumini katika mwanzo wa Suratul Maida watimize ahadi zao. Ahadi inaweza kubadilishwa, kwa ridhaa ya walioahidiana. Ikibadilishwa na mwenye nguvu peke yake, hata kwa karatasi za kura, anayeona amepunjwa hurudi kukumbuka vita.

Tumepata nini?

Kutokana na haya tunaweza kutoa mafunzo manne.

La kwanza: uongozi wa eneo lililoshindwa usikae mikononi mwa mshindi ila kwa kiasi cha dharura. Nzwani ilipewa chini ya miezi minne, na hiyo ni sifa kwa waliohusika, wakiwemo askari wetu waliorudi makwao.

La pili: wa mpito awe mtu asiye na damu mkononi wala tamaa ya kiti. Basra palikuwa na mtu wa mji ambaye hakupigana. Nzwani palikuwa na jaji.

La tatu: aliyeshindwa apewe nafasi ya kukataa kwa kura. Kiongozi wa walioshindwa ambaye hawezi kukataliwa si kiongozi wao, ni mlinzi wao. Watu humtii mlinzi mpaka siku atakapolala.

La nne, na ndilo la msingi: sulhu haimaliziki siku ya kutia saini. Uadilifu uliotajwa katika aya unakuja baada ya vita, yaani unatakiwa katika miaka ile ya kuchosha, ya bajeti na zamu na mishahara, wakati kamera zimeshaondoka.

Kwa familia zenye jamaa wa visiwa hivyo tunanasihi jambo moja dogo. Vita vya Nzwani viliingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Kuna ndugu walioacha kutembeleana tangu 1999 kwa sababu huyu ni wa Nzwani na yule ni wa Ngazija. Kuna posa zilizokataliwa kwa neno hilo tu. Viongozi wana hisabu yao mbele ya Allah, lakini kuunga udugu si kazi ya rais wala ya gavana. Mpigie simu jamaa yako, mwalike kwenye harusi, mtajie maiti wake kwa wema hata kama alikuwa upande wa pili. Kama sharia imemtaka mshindi wa vita asimfuate anayekimbia, sisi tusiopigana tuna udhuru gani wa kuwafuata kwa ndimi zetu?

Tunamuomba Allah Awape ndugu zetu wa Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore viongozi wenye kumcha Yeye na kutimiza ahadi, Awarehemu waliokufa baharini na nchi kavu, na Aziunganishe nyoyo zetu sote.

Na Allah Anajua zaidi.